Fundi, Kata kwa Maji!

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Mhariri alikuwa ameniomba niandike maoni yangu juu ya ushairi huru na ushairi wa arudhi. Nilimwahidi, tena kwa kiapo. Sasa namwomba radhi mbele ya shule nzima. Ugomvi huo wa washairi una wenyewe, na hautaisha mwaka huu. Mimi nina jambo jingine lililonikaa kooni, na nikisema kooni sitii fumbo lolote. Ni vumbi.

Mtakumbuka kwamba muhula wa pili bwalo letu la maankuli liliwekwa vigae. Ni kazi nzuri, sikatai. Ile saruji iliyopasukapasuka, ambayo kila mpishi alikuwa na kovu alilolipata juu yake, imefunikwa na sakafu inayong'aa hata unaweza kujitazama ukachana nywele. Lakini je, mnakumbuka vile vigae vilikatwa wapi? Vilikatwa pale chini ya mjakaranda, hatua kama kumi kutoka madirisha ya Kidato cha Kwanza. Walikuwa vijana wawili wa mjengo, mmoja ameshika grainda, mwenzake amekikanyaga kigae kisiteleze, na kiatu chenyewe ni ndala. Grainda ilipolia, lilipanda wingu jeupe kama linalofuata nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi. Wingu hilo halikuwa na adabu ya kubaki mjengoni. Liliingia darasani, likatua juu ya madawati, juu ya madaftari, juu ya nywele za wadogo zetu. Mwalimu wa Hisabati akaagiza madirisha yafungwe. Hilo ndilo jambo pekee lililofanywa. Wale vijana wawili hawakuwa na dirisha la kufunga.

Maoni yangu ni haya, nayatoa mapema ili asiye na muda asome mpaka hapa kisha aende zake. Kigae kisikatwe kikavu kwa grainda. Kikatwe kwa mashine iliyoundwa kukata kwa maji, au kivunjwe kwa kikatio cha mkono, na wa kuhakikisha hivyo ni yule anayetoa kazi, si yule maskini anayeifanya kwa malipo ya siku. Najua mtauliza, msichana wa Kidato cha Nne ameyajulia wapi mambo ya grainda? Subirini.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni fundi wa vigae mjini Nakuru. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Ziko nyumba na maduka mle mjini ambamo nikiingia naye hatazami watu wala bidhaa, hutazama chini. "Hii niliweka mimi," husema. Au, "Hii aliweka mlevi." Ni mtu wa maneno machache, na pimamaji haimtoki mkononi. Na anakohoa. Sisi watoto tulikuwa tukimjua kwa kikohozi kabla hajabisha hodi. Nyanya alisema ni baridi ya Nakuru. Mama alisema ni sigara, ilhali Mjomba aliacha sigara nikiwa darasa la pili. Majirani, nanyi mnawajua majirani, walisema mengine.

Alipimwa makohozi mara mbili kutafuta kifua kikuu. Hakikupatikana. Akapewa dawa ya kikohozi, akaimaliza, akapewa nyingine. Mwaka jana pumzi ikaanza kumkatika akipanda ngazi za orofa ya kwanza tu na katoni moja ya vigae begani, ndipo akapigwa picha ya kifua. Daktari aliitazama picha ile, akamuuliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa hospitali aliyekuwa amemuuliza: "Mzee, wewe unafanya kazi gani?"

Ndani ya kigae mna kitu kiitwacho silika. Ndiyo hiyohiyo iliyo katika mchanga na katika mawe mengi ya kujengea. Ikiwa imetulia ndani ya kigae haina neno, unaweza kulala juu yake mpaka ukazeeka. Taabu huanza diski inapokigusa. Diski ya kukatia vigae haina meno kama msumeno wa seremala. Ukingo wake umepachikwa punje ndogondogo za almasi, nazo kazi yake ni kusaga. Kinachosagwa huwa unga, na sehemu ya unga huo ni laini mno hata jicho haliuoni. Kwa hivyo lile wingu jeupe tulilolikimbia sote si ndilo baya zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, mtu akazitema. Zile ndogo, ambazo unywele mmoja wa kichwa chako unazishinda unene mara kumi na zaidi, huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na kufanya makao. Mwili hujaribu kuzizingira, na hapo hubaki kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, mpaka pafu lililokuwa laini kama sponji likakakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na tangu mwaka wa 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi hili miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Mnajua kiasi gani ni kingi? Nchini Marekani kanuni iliyotolewa 2016 inasema kwamba hewa anayovuta mfanyakazi kwa zamu ya saa nane isizidi, kwa wastani, mikrogramu 50 za silika katika kila mita moja ya ujazo. Nilipoisoma kanuni hiyo haikunitisha, kwa sababu sikujua mikrogramu ni nini kwa macho. Nikampelekea mwalimu wa Fizikia. Akanikalisha chini. Mtu anayefanya kazi ya mkono huvuta takriban mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu moja. Zidisha. Ni mikrogramu 500, yaani nusu ya miligramu. Ni karibu na uzito wa punje moja ya sukari. Punje moja, kwa siku nzima! Sasa rudini kwa fikira pale chini ya mjakaranda.

Wala si habari mpya. Mwaka wa 1930, karibu na Gauley Bridge katika jimbo la West Virginia huko Marekani, walianza kuchimba handaki la kupitisha maji ndani ya mlima wenye silika tele. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi. Njia ya kutoboa mwamba kwa maji ilikuwa inajulikana. Lakini kutoboa kavu kulikuwa kwa haraka zaidi, basi wakatoboa kavu. Walikufa kwa mamia. Nami nikisoma habari hizo neno lililonichoma halikuwa mlima, wala handaki. Lilikuwa hilo neno haraka, kwa sababu ndilo nililolisikia kwa Mjomba mwenyewe: "Maji yanachelewesha, mama." (Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la nyanya.)

Sasa niwaeleze nilivyojifunza, na hapa naomba msinicheke.

Likizo ya Agosti mwaka jana, baada ya ile picha ya kifua, niliamua kwenda na Mjomba kazini. Nyanya alipinga, ati mjengo si mahali pa msichana. Mjomba akasema msichana anayeweza kubeba mtungi wa maji anaweza kubeba katoni ya vigae. Nikawa mtu wake wa mkono, nikichanganya gundi, nikipanga ile misalaba midogo ya plastiki inayotenga kigae na kigae. Siku ya pili alianza kukata vigae vya bafu. Vumbi likapanda, naye akaanza kukohoa. Mimi, kwa ile akili ya kusoma kidogo, nikasema, "Mjomba, si tumwage maji?" Nikachukua chupa ya soda, nikatoboa kifuniko, nikasimama karibu naye nikinyunyiza maji kwenye diski huku akikata. Loo, vumbi likalala kabisa! Nilijiona daktari.

Haikupita dakika tatu. Maji yalitiririka juu ya mwili wa grainda yakaingia kwenye vile vijitundu vya kupozea mota. Mjomba alipiga ukelele ambao sijausikia tena, mikono ikamkakamaa, kisha akatupwa nyuma akaketi kwa kishindo. Grainda ikaanguka sakafuni diski ingali inazunguka, ikarukaruka kama kuku aliyechinjwa, ikapita karibu na goti lake, ikakwaruza buti lake la mpira. Nami nilikuwa nimesimama kwenye kidimbwi cha maji, miguuni nimevaa ndala. Sijui nani aliniongoza mkono. Niliikimbilia soketi na kung'oa plagi. Mjomba alikaa pale chini muda mrefu akiitazama mikono yake. Mimi nililia. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Maji yako ni mazuri, mama. Mashine ndiyo si yake."

Kwa hivyo yeyote atakayesoma kichwa cha makala haya kisha akaenda kumwagia maji grainda ya kawaida ya mkono, atakuwa hakunielewa hata kidogo, na huenda asipate nafasi ya kunielewa tena. Narudia kwa sauti: grainda ya kawaida na maji havipatani!

Wiki hiyohiyo Mjomba aliazima kwa fundi mwenzake mashine ya kukatia kwa maji. Ni kitu cha kawaida sana ukikitazama. Ni meza ndogo ya bati, chini yake trei ya maji, na katikati ya meza mna ufa ambamo diski huchomoza. Katika mashine ile sehemu ya chini ya diski huzama kwenye trei, na inapozunguka huyabeba maji mpaka mahali inapokata. Zile kubwa zina pampu ndogo ya kuyapandisha maji na kuyamwagia diski kutoka juu. Mota imetengwa na maji, na hapo ndipo tofauti ilipo. Maji yale hufanya kazi mbili kwa pamoja: hulilaza vumbi kabla halijaruka, na huipoza diski isije ikaungua ukingo. Tena kigae hukatika vizuri, bila kumegukameguka rangi yake ya juu.

Lakini mashine hiyo nayo ina masharti, na Mjomba, ambaye alikuwa ameyadharau maisha yake yote, aliyafuata siku ile kama mtu aliyeokoka jana. Kwanza aliiweka mahali palipo sawa, akapima kwa pimamaji. Waya wake akauning'iniza ulegee, utelemke chini kuliko soketi kisha ndipo upande. Nilimuuliza sababu. Akasema matone hufuata waya, na tone likifika pale chini kabisa hudondoka sakafuni badala ya kupanda hadi kwenye soketi. Naomba mlitafakari jambo hilo dogo. Limeokoa watu na halikugharimu hata ndururu. Soketi yenyewe iwe na waya wa ardhi, na ikiwezekana iwe na ile swichi inayojikata yenyewe mara umeme unapovuja.

Diski aliikagua plagi ikiwa nje, si ndani. Alitafuta ufa, akatazama kama mshale uliochorwa juu yake unaelekea upande inakozungukia mashine, akakaza nati. Kisha maji. Maji hutangulia, swichi hufuata. Nikadhani tumemaliza, nikavaa glavu zangu za kitambaa. Akanivua. Mimi nilidhani glavu ni kinga! Kumbe penye kitu kinachozunguka, glavu iliyolegea ndiyo kamba ya kuuvuta mkono. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, bangili, leso ya shingoni, na nywele zisizofungwa. Nilifunga zangu zote nyuma, nikavaa miwani ya kazi, nikaziba masikio, na buti za mpira nikaazimwa, namba kubwa kuliko mguu wangu.

Kukata kwenyewe ni kusubiri. Unawasha, unaiacha diski ifikie mwendo wake kamili, ndipo unakisogeza kigae, uso wenye rangi ukiwa juu, ubavu wake umeegemea ile reli ya mwongozo. Usisukume. Diski ndiyo inayokata, wewe unakipeleka tu. Sikio litakuambia. Ikiwa sauti inashuka na kuguna, unalazimisha, basi punguza. Usisimame ukiielekea diski moja kwa moja, simama kidogo upande, maana kipande kikivunjika hurushwa kwa mstari wa diski. Vidole vikae mbali, na kipande chembamba kisukume kwa kijiti. Mimi vigae vyangu vinne vya kwanza vilivunjika pembe zote mahali pamoja, karibu na mwisho. Mjomba akanicheka, kisha akanionyesha: kabla hujafika mwisho simama, kitoe kigae taratibu, kigeuze, uanze upande wa pili mpaka mikato miwili ikutane. Pembe ya mlango, ile yenye umbo la herufi L, hukatwa pia kwa mikato miwili inayokutana. Ukijaribu kukipinda kigae kikiwa ndani ya diski, kitakwama, nacho kitarushwa.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha. Diski ikizeeka kidogo huacha kukata, watu wakadhani imekwisha wakaitupa. Huwa haijaisha. Zile almasi zimefunikwa tu. Unakata tofali laini mara mbili tatu, hilo linaukwangua ukingo, na almasi mpya hutokeza. Mjomba alikuwa anajua hili miaka mingi. Alilijua la kuiokoa diski, lakini hakuwahi kuambiwa la kuliokoa pafu.

Kazi ikiisha, mashine izimwe na diski isimame kabisa kabla mtu hajaokota vipande. Kisha tope. Hili wengi hulisahau. Lile tope jeupe lililobaki kwenye trei ndilo vumbi lilelile, limelala tu. Ukiliacha likauke kisha ukalifagia, umefanya kazi ya bure. Lizolewe likiwa bichi, litiwe mfukoni, lisimwagwe kwenye mtaro kwa maana litauziba. Na nguo za kazi zisikung'utiwe nyumbani penye watoto. Shangazi yangu, mke wa Mjomba, alikuwa akizikung'uta nguo hizo kila jioni mlangoni, miaka yote.

Wako watakaonipinga, na baadhi yao wana haki ya kusikilizwa. Wa kwanza atasema maji ni haba. Kuna mahali hapa Kenya ambapo mtungi wa maji hununuliwa, na fundi akiyamwaga ardhini mwenye nyumba atamfukuza. Jibu langu ni kwamba mashine ile haimwagi maji, huyazungusha. Ndoo moja ilitutosha kutwa nzima ya bafu, tukiongeza kidogo na kuibadilisha mara yalipokuwa mazito kama uji.

Wa pili atasema avae barakoa yatosha. Zile barakoa tulizozizoea 2020 wakati wa korona, na kile kitambaa wanachojifunga vijana wa mjengo, hazizuii chembe hizi. Huingia pembeni. Barakoa inayofaa ni ile ya kuchuja chembe ndogo, inayoshikana na uso pande zote, na mwenye ndevu nyingi haimshiki sawasawa. Tena hata anayekata kwa maji ingefaa aivae na afanye kazi mahali penye hewa, kwa sababu maji hupunguza vumbi sana lakini hayalimalizi. Barakoa ni ya kuongezea juu ya maji. Kuiweka mahali pa maji ni kumwambia mtu aogelee na papa akiwa amevaa suruali nene.

Wa tatu ndiye mgumu. Ni Mjomba mwenyewe wa zamani, na mafundi kama yeye. Hawa husema, "Tunalipwa kwa mita ya mraba. Mashine ni ya bei, grainda ninayo. Nikichelewa, kesho ataitwa mwingine." Huyu simjibu kwa hotuba. Ana familia. Kumwambia fundi wa aina hii "jali afya yako" ni sawa na kumwambia mwenye njaa achague chakula. Ndiyo maana nilisema mzigo ni wa mwenye kazi. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri alinde afya ya wanaomfanyia kazi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mafao ya wanaoumia kazini, nayo inayatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi. Ni sheria nzuri. Lakini muulize fundi wa vigae mwajiri wake ni nani. Mwenye jengo atasema ni mkandarasi. Mkandarasi atasema, "Yule? Nilimpa kazi ya bafu tu." Kikohozi hakina karatasi ya mkataba.

Nchi nyingine zimeona mbali zaidi. Mnamo Julai 1, 2024, Australia ilipiga marufuku kabisa yale mawe ya kutengenezwa ya kuwekwa juu ya meza za jikoni, ambayo mengi yake huwa na silika kupita kiasi, baada ya vijana waliokuwa wakiyakata kuugua kwa wingi. Sisemi nasi tupige vigae marufuku. Vigae vinatengenezwa hapahapa kwetu, Kajiado na Athi River, na ni ajira za watu. Nasema tu bei ya kuvikata kwa usalama ihesabiwe ndani ya bei ya sakafu, kama inavyohesabiwa gundi. Hakuna mwenye nyumba anayemwambia fundi alete gundi yake mwenyewe kutoka kwao.

Na pale mwenye kazi alipo mgumu, iko njia nyingine, nimeiona. Mjomba na mafundi wenzake wawili walichanga pesa wakanunua mashine moja iliyotumika. Wanaigawana kwa zamu. Kwa mikato iliyonyooka ya vigae laini vya ukutani hawaiwashi hata kidogo, wanatumia kikatio cha mkono. Kigurudumu kidogo huchora mstari, mkono unabonyeza, kigae kinavunjika tak! Hakina umeme, hakina kelele, na vumbi lake ni la kuhesabika. Vile vigae vigumu vya sakafuni ndivyo vinavyopelekwa majini.

Nirudi shuleni. Likizo ijayo maabara ya Kemia itawekwa vigae. Wanachama wa chama hiki tumeandika barua kwa Mwalimu Mkuu, mlezi wetu ameisoma akasahihisha viambishi vitatu, na imepelekwa. Tumeomba mambo matatu tu. Katika karatasi ya makubaliano iandikwe kwamba vigae vitakatwa kwa maji au kwa kikatio cha mkono. Pahali pa kukatia pawe nyuma ya ghala, mbali na madarasa na mbali na jikoni. Na shule itoe maji, soketi yenye usalama, na barakoa za kweli kwa kila atakayekata, hata kama ni kibarua wa siku moja. Mwalimu Mkuu amesema ataifikisha barua kwa bodi. Kuna waliotucheka, wakasema chama cha Kiswahili kimegeuka chama cha mafundi. Waache wacheke. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa akikaa karibu na dirisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi.

Mjomba hakati tena. Daktari alimkataza vumbi, naye sasa hupima na kuweka tu, kijana mwingine ndiye hukata. Kikohozi kipo. Nilipomwambia kwamba naandika makala haya, aliniuliza kama jarida letu husomwa na mafundi. Nikasema hapana, husomwa na wanafunzi, na siku ya wazazi husomwa na wazazi. Akawaza kidogo. "Si vibaya," akasema. "Wazazi ndio wanaojenga." Kisha akaniambia nimpe pimamaji, kigae cha mwisho hakijakaa sawa.